Bila baridi hakuna saiklokrosi, na bia nayo hivyo hivyo

Saiklokrosi inaanza pale ambapo waendesha baiskeli wenye akili zao timamu wameshatundika baiskeli ukutani. Msimu unafunguliwa Septemba, unakolea Novemba, unafika kileleni mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari kwenye mashindano ya dunia, yaani mchezo mzima umewekwa makusudi kwenye ile miezi ambayo ukitoka nje pumzi yako unaiona kwa macho. Mimi ni mshiriki wa ridhaa tu, wale wa kundi la nyuma, sina mdhamini, sina kocha, medali naziona kwenye shingo za wenzangu. Na ninachotaka kusema leo ni kimoja: baridi sio adhabu unayoivumilia ili mwisho wa siku upate bia. Baridi ndo mchezo wenyewe, na ukinisikiliza mpaka mwisho utaona kwamba ndo bia yenyewe pia.

Kwa ambao hawajawahi kuuona huu mchezo, chukua baiskeli inayofanana na zile za mbio za barabarani, zenye usukani wa kupinda chini, ivalishe tairi zenye vimeno, afu ipeleke shambani. Njia ni ya kuzunguka, raundi moja kilomita 2.5 mpaka 3.5, na humo ndani kuna nyasi, tope, mchanga, vilima vifupi vya kukata roho, ngazi, na mbao zilizosimamishwa zenye kimo cha sentimita 40 ambazo inabidi ushuke, ubebe baiskeli, uruke, udandie tena, yote hayo bila kusimama. Wanaume wa daraja la juu wanakwenda karibu saa nzima, wanawake dakika 50 hivi, sisi wa ridhaa mara nyingi ni dakika 40 au 45. Mtu akisikia dakika 40 anacheka, eti si hiyo ni ya kupasha misuli. Haya, njoo. Hamna pa kujificha upepo nyuma ya mtu ukavuta pumzi, hamna mteremko wa kupumzisha miguu, wengi hata chupa ya maji hatubebi maana hiyo nafasi ya kunywa utaipata wapi. Moyo unapanda dakika ya kwanza na haushuki mpaka mstari wa mwisho.

Mchezo wenyewe ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Wafaransa wanamtaja mwanajeshi mmoja, Daniel Gousseau, kama ndo aliyeupa mpangilio, na ubingwa wa kwanza wa Ufaransa ulifanyika 1902. Ulitumika kuwaweka waendesha baiskeli wa barabarani fiti wakati wa majira ya baridi. Octave Lapize aliposhinda Tour de France 1910, mwaka ambao ile milima ya Pirenei ilikuwa inaingizwa kwa mara ya kwanza, alisema saiklokrosi ilimsaidia. Mashindano ya dunia yalikuja 1950, Paris, akabeba Jean Robic. Baada ya hapo ukurasa umejaa Wabelgiji na Waholanzi mpaka unachoka kusoma: Eric De Vlaeminck mataji saba ya dunia kati ya 1966 na 1973, Mathieu van der Poel akamfikia kwa taji la saba huko Liévin, Ufaransa, 2025, na kwa wanawake Marianne Vos ana manane, la kwanza 2006 na la nane 2022, miaka 16 kati yao, huyo mama sijui ameumbwa na nini. Koksijde 2012 ndo kali kuliko zote kwangu, mashindano ya dunia kwenye mchanga wa pwani ya Ubelgiji, nafasi ya kwanza mpaka ya saba wanaume wote Wabelgiji. Saba! Wageni walikuja kuangalia tu.

Lakini hao ni wao. Turudi kwetu huku nyuma.

Ratiba ya siku ya mbio ina siri yake ambayo wengi hawaioni. Sisi wa ridhaa tunakimbia asubuhi, wakali wanakimbia mchana. Maana yake ni kwamba kama usiku kulikuwa na barafu, sisi ndo tunaikuta. Ile mifereji iliyochimbwa na tairi za jana imeganda usiku, imekuwa reli za mawe, ukiingiza tairi la mbele mle ndani huendi unakotaka wewe, unaenda unakopelekwa na mfereji. Ukijaribu kutoka kwa nguvu tairi linabaki wewe unaendelea. Ikifika saa tano saa sita jua dhaifu likichungulia, pale juu panaanza kuyeyuka kidogo ila chini bado pamekaza, unapata utelezi mwembamba juu ya sakafu ngumu, na hiyo hali mimi naiogopa kuliko tope lolote. Mchana kila kitu kimeyeyuka, imekuwa supu, wakali wanakuja wanaogelea humo na kamera zinawapiga picha nzuri nzuri. Njia ni ile ile, siku ni ile ile, lakini kuna mbio tatu tofauti na aliyeamua ni kipimajoto.

Ndo maana presha ya tairi inazungumzwa kuliko miguu. Sheria za UCI, lile shirikisho la baiskeli la dunia, zinasema tairi lisizidi milimita 33 kwa upana, basi, na kwa hiyo kitu kikubwa cha kuchezea ni upepo wa ndani. Utakuta watu wazima, watu wenye kazi zao za heshima, wameinama asubuhi kwenye baridi wanabonyeza tairi kwa kidole gumba na kunong'ona namba. Wengi tunakaa karibu na psi 25, wepesi wanashuka zaidi ya hapo, wazito kidogo juu. Ukijaza sana tairi linadundadunda na halishiki, ukipunguza sana unagonga rimu kwenye mzizi na tairi za tyubulesi, zile zisizo na mpira wa ndani, zinaachia upepo pwii kwenye kona. Na tatizo ni kwamba hewa yenyewe inasinyaa kwenye baridi, ulichojaza ndani ya nyumba yenye joto sicho utakachokikuta uwanjani, kwa hiyo pima pale pale, nje, ukiwa unatetemeka.

Afu kuna kubandika namba. Hii hakuna anayeiandika. Namba ya kitambaa chepesi inabanwa mgongoni au ubavuni kwa pini za kawaida, zile za kufungia nepi zamani, na unazibana ukiwa huna vidole. Vipo, unaviona, ila habari havileti. Unashika pini unadhani umeishika kumbe imeshadondoka kwenye nyasi, unaokota, unajichoma, husikii, unaona tu tone la damu kwenye jezi ndo unajua. Mtu ambaye hujawahi kumuona maishani anakuja anakuambia ndugu geuka nikubane, na wewe unambana yeye, dakika mbili baadaye mnasukumana viwiko kwenye kona ya kwanza.

Hiyo kona ya kwanza ndo vurugu mechi. Mstari wa kuanzia ni mrefu na mpana, watu kama hamsini sitini mko bega kwa bega, kuna ukimya ambao unasikia cheni zinavyogusana na meno, filimbi inalia, wote mnachomoka kana kwamba zawadi iko mita mia mbele, na pale mita mia mbele njia inabana inakuwa ya mita tatu. Mahesabu yake mnayajua. Wa mbele wanapita, wa katikati wanagongana, sisi wa nyuma tunashuka tunatembea tukisubiri foleni huku mapigo ya moyo yako 180 na kitu. Kutembea na mapigo 180, hebu fikiria.

Baada ya hapo mbio zinapasuka vipande. Hapa ndo utamu wa saiklokrosi kwa mtu asiye na kipaji. Kwenye mbio za barabarani ukiachwa na kundi umekwisha, unaendesha peke yako na aibu yako mpaka nyumbani. Huku hapana. Huku kila mtu anampata wa saizi yake. Mimi siku moja nilijikuta na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe zilizoganda matone, kwenye tope alikuwa ananiacha kiulaini kabisa, anatafuta mstari, hatumii nguvu, kwenye vipande vya kukimbia na baiskeli begani nikawa namfikia, tukaenda hivyo raundi baada ya raundi, tulikuwa tunagombania nafasi ambayo hata matokeo yakibandikwa ubaoni inabidi uiname kuiona. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu vile. Alinishinda kwa urefu wa gurudumu. Viongozi walikuwa wameshatupiga raundi, na sheria kwenye mbio nyingi za ridhaa ni kwamba kiongozi akimaliza na wewe umemaliza, kwa hiyo hata hukumalizia raundi zote, na wala hakuna aliyejali.

Na kelele. Watazamaji wa saiklokrosi hawako mbali kule jukwaani, wako hapo pembeni ya kamba, wanapiga kengele za ng'ombe, na wamekuja kukutania. Ukiwa mbele wanakushangilia, ukiwa nyuma wanakushangilia zaidi lakini kwa maneno ya kukuvunja mbavu. Mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, wakati napanda kilima nikisukuma baiskeli, kama nimeibiwa nyingine. Wengine wanakunyooshea kikombe cha bia upokee ukipita. Hii ya vikombe mimi siiungi mkono, tena mashindano rasmi mengi yanakataza kabisa kupokea kitu kwa mtazamaji, na ukiacha sheria, tumbo lililobanwa na mapigo 180 sio mahali pa kuweka bia. Bia ina wakati wake.

Kuhusu baiskeli nitasema kidogo. Wakali wana baiskeli mbili tatu, njia imepangwa ipite kituo cha mafundi mara mbili kwa raundi, wanaruka kutoka chafu wanadaka safi, fundi anapiga maji ya presha, nusu raundi baadaye wanabadilishana tena. Sisi tuna moja. Tope likiwa la majimaji halina shida, linamwagika lenyewe. Baya ni lile la baridi ya wastani, lenye nyasi ndani yake, linajisokota kwenye mkono wa gia wa nyuma na kwenye meno, linanata kwenye fremu mpaka baiskeli ya kilo nane tisa unaibeba begani unahisi kuna mtu amekalia. Unalitoa kwa kidole huku unakimbia. Breki za diski angalau zilitukomboa, UCI waliziruhusu kwenye saiklokrosi 2010, zile za zamani za kubana rimu zilikuwa zinajaa tope mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Sasa mstari wa mwisho. Unavuka, unainamia usukani, na kwa kama dakika tatu una joto kuliko mtu yeyote hapo uwanjani, mvuke unakutoka mgongoni. Hizo dakika tatu ni mtego. Jasho limelowanisha kila kitu, moyo unashuka, na baridi ambayo ulikuwa umeisahau inakumbuka ulipo. Kinachofuata ni vidole kurudiwa na damu, na aliyewahi kupata anajua, yanakuja maumivu ya kuungua kutoka ndani, unabana mikono kwapani unaruka ruka, mtu mzima machozi yanakutoka na hakuna anayekucheka maana wote wameshapitia. Kikohozi nacho kinaanza, kile kikavu cha baada ya mbio, kwa sababu umevuta hewa ya baridi na kavu kwa nguvu dakika 40 mfululizo na njia ya hewa imekauka, unapata ladha ya chuma kooni. Kitakukaa mpaka usiku.

Kwa hiyo hapa lazima niwe mkali kidogo. Kwanza nguo kavu. Zote, mpaka soksi, hapo hapo nyuma ya gari, taulo kiunoni, aibu weka pembeni. Kofia. Afu kitu cha moto cha kunywa na kitu cha kula. Bia inakuja baada ya hapo na sio kabla. Pombe inakudanganya, inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, damu ya moto inapelekwa nje, wewe unahisi joto zuri linakutambaa wakati mwili kwa ndani unapoteza joto haraka zaidi. Kunywa ukiwa umelowa na unatetemeka ni kujitafutia makubwa. Na anayeendesha gari hanywi, hilo sio la kujadili, siku hizi viwanda vidogo vinatengeneza bia zisizo na kilevi ambazo zina ladha ya kueleweka, sio zile za zamani za maji ya kimea.

Haya, umekauka, umekula, sio dereva. Tuongee bia.

Bia za krafti, kwa maana ya zile za viwanda vidogo vinavyojipikia kwa namna zao, Marekani zina historia fupi kuliko saiklokrosi. Fritz Maytag alinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco 1965 kilipokuwa karibu kufa. Jack McAuliffe akafungua New Albion kule Sonoma 1976 kwa vyuma chakavu na vifaa vya maziwa, haikudumu, lakini watu waliona inawezekana. 1978 Rais Jimmy Carter akasaini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani, na 1980 kiwanda cha Sierra Nevada wakaanza kupika, ile bia yao ya mtindo wa "pale ale" yenye hopsi za Cascade (hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ikawafundisha watu kwamba bia inaweza kunukia ganda la balungi. Haishangazi kwamba Portland, Oregon, mji uliojaa viwanda vidogo vya bia na mvua isiyoisha, ndo huko huko mfululizo wa mbio za saiklokrosi uitwao Cross Crusade uliwahi kukusanya washiriki zaidi ya elfu moja kwa siku, karibu wote wa ridhaa.

Ila kwa hoja yangu ya baridi inabidi nirudi Ubelgiji, kwenye lambiki, ile bia yao chachu.

Lambiki inapikwa Brussels na vijiji vya bonde la mto Zenne magharibi mwake. Wanachemsha shayiri iliyooteshwa pamoja na ngano mbichi, hopsi zinazowekwa ni za zamani zilizopoteza uchungu, na baada ya kuchemsha hawaweki hamira. Hawaweki kabisa. Wanaumwaga ule mchuzi wa moto kwenye chombo kipana cha shaba chenye kina kifupi, mfano wa sinia kubwa la kujaza chumba, juu darini, madirisha yanafunguliwa, wanaenda kulala. Usiku hewa ya nje inaupooza taratibu na vijidudu vya hewani na vya kwenye mbao za paa vinaingia, humo wakiwemo hamira wa porini waitwao Brettanomyces, ambao jamaa mmoja wao amepewa kabisa jina la mji, bruxellensis. Asubuhi umepoa mpaka karibu nyuzi 20, unaingizwa kwenye mapipa ya mwaloni, unakaa mwaka, miaka miwili, mitatu. Wakichanganya ya mwaka mmoja na ya miaka miwili na mitatu wakaifunga kwenye chupa ikachachuka tena, hiyo ndo gueuze.

Na hii kazi inafanyika miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba mpaka Aprili hivi. Usiku ukiwa na joto mchuzi haupoi kwa wakati, bakteria wasiotakiwa wanawahi, bia inaoza badala ya kuchachuka. Novemba 2015 Cantillon, kiwanda cha familia kilichopo Anderlecht tangu 1900, walilazimika kusimamisha kupika kwa sababu usiku ulikataa kupoa. Novemba! Na Novemba ikiwa ya joto hivyo, kule kwetu kwenye tope tunalalamika kwamba ardhi imekauka, vumbi linapaa, mbio zimekuwa za kasi za kijinga kwenye nyasi na anayeshinda ni yule mwenye mapaja makubwa tu. Msimu wa lambiki na msimu wa saiklokrosi inaanza kwa kupishana wiki chache, nchi ni hiyo hiyo, na wote wanachungulia kipimajoto kimoja. UNESCO waliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016, ungeniuliza mimi ningesema wangeongeza na lile tope.

Sasa kuinywa. Jaribu gueuze ukiwa na lile koo la chuma na makamasi ya baridi. Bia nyingine zote hapo hazisikiki, ulimi umekufa ganzi, pua imeziba, lakini ule uchachu unapita katikati ya vyote, unakata, unasafisha, mdomo unajaa mate, na nyuma yake inakuja harufu ya zizi la farasi, ndiyo, zizi, ndo yule Brettanomyces, na kwa mtu aliyetoka kulala kifudifudi kwenye shamba harufu hiyo haimshtui hata kidogo. Sijui bia nyingine inayoendana na mazingira kiasi hicho.

Chaguo langu la pili ni stauti nzito, zile bia nyeusi za kimea kilichokaangwa mpaka karibu kuungua, asilimia 10 na kitu. Mtindo wenyewe ulizaliwa London karne ya 18, walikuwa wanaipika kali kwa ajili ya soko la Urusi. Hii ina faida moja ya kiufundi: haitakiwi kuwa ya baridi sana. Nyuzi 10 mpaka 13 hivi ndo inaanza kusema chokoleti na kahawa, ukiipoza zaidi inafunga mdomo, unaishia kunywa kitu kizito cheusi kisicho na ladha. Kwenye buti la gari wakati wa baridi kali chupa inatoka ikiwa chini ya hapo, kwa hiyo naiviringisha kwenye jaketi, tena ile ambayo nitavaa baadaye, na nikishaimimina nashikilia glasi kwa viganja vyote viwili mpaka itulie. Mnagawana watu watatu wanne, sio ya kumaliza peke yako.

Zile IPA zenye ukungu za siku hizi, bia zilizojazwa hopsi mpaka zinanukia matunda, nisameheni, kwenye baridi sizielewi. Ni bia za jua. Harufu ya embe na pasheni ukiwa umevaa kofia ya sufu inanichanganya. Yule mzee wa ndevu hakubaliani na mimi, anasema ladha za matunda zinamkumbusha kwamba kiangazi kitarudi, nikamwambia sasa wewe hutaki kiangazi kirudi, kikirudi utanishindia wapi.

Kitu cha mwisho, na hapa watu wanaharibu mali zao: osha baiskeli kabla ya chupa ya pili. Maji ya kawaida yanatosha, usipige presha kwenye beringi, toa nyasi kwenye gia kwa mkono, futa cheni, tia oili. Kama kuna barafu usiiache nje ikiwa imelowa, maji yanaganda ndani ya waya za gia na kesho yake hazivutiki. Foleni ya mpira wa maji huwa ndefu, ndo hapo watu wanakata tamaa wanasema nitaosha nyumbani, na nyumbani wanafika na joto na usingizi. Mwenzangu mmoja aliiacha mpaka Jumatano. Cheni ilikuwa ya rangi ya chungwa.